Ukubwa ni Jaa

Iko kazi moja ambayo wengi wa vijana wetu waliokwenda Marekani huianza punde wafikapo, nayo ni kuwatumikia wazee na wagonjwa katika nyumba zilizowekwa kwa ajili yao. Nyumba hizo katika nchi ile zapata 15,000, na wanaokaa humo wapita milioni moja: wasioweza kuinuka, waliopooza, na waliopotewa na fahamu kwa uzee. Sisi hatukusudii leo kuhukumu kama ni vyema au si vyema mzee kuondolewa kwa wanawe akawekwa huko. Tunalokusudia ni suala moja liwasumbualo wafanyao kazi humo, na ambalo likitazamwa sana lamkhusu kila aliyepewa amri juu ya mwenziwe. Je, mgeni katika kazi ana haki gani ya kuwaamrisha waliomtangulia? Na wao wakikataa, afanyeje?

Yafaa kwanza msomaji ajue mpango wa nyumba hizo. Walio wengi katika watumishi wake ni wasaidizi. Hao ndio wamwoshao mgonjwa, wamvishao, wamlishao, wambadilishao nguo zilizochafuka, na wamgeuzao kitandani kila baada ya saa mbili au karibu ya hapo. Kwani asiyegeuzwa ngozi yake huchubuka, ikawa kidonda, na kidonda hicho huweza kufika mfupani. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 1987 yalazimisha msaidizi afunzwe kwa muda usiopungua saa 75, kisha atahiniwe. Juu yao yuko muuguzi, aliyesoma mwaka mmoja, au miwili, au minne, kwa kadiri ya daraja yake, akapewa leseni. Yeye ndiye mwenye kutoa dawa, ndiye amwitaye daktari, na ndiye atakayeulizwa kwa litokealo katika zamu yake. Akimpa msaidizi kazi, kazi imehama lakini dhamana haikumtoka.

Hapo ndipo penye mzozo. Muuguzi aliyemaliza chuo juzi hupewa zamu, na chini yake wapo wasaidizi waliokaa katika nyumba ile miaka ishirini. Asema, "Naomba mgonjwa wa chumba cha mwisho ageuzwe," ajibiwa, "Tutaona." Kengele yalia na hapana ainukaye. Akisema mara ya pili, wasaidizi hutazamana wakacheka. Na akiwa ni binti wa Mombasa au Lamu, taabu huzidi, kwani amelelewa kujua kuwa mwanamke aliye rika la mamake huamkiwa kwa shikamoo, wala hatumwi. Sasa aambiwa kuwa ndiye mkubwa wake.

Wako wasemao kuwa cheti ndicho amri: aliyesoma aseme, na asiyesoma atende. Na wako wasemao kuwa aliyetangulia ndiye mkubwa, na kwamba mtoto wa jana hana la kumfundisha mtu aliyewainua wagonjwa maisha yake yote. Sisi twaona pande zote mbili zimekosea, kwa kuwa zimemsahau mtu wa tatu. Mwenye haki katika nyumba ile si muuguzi wala si msaidizi. Ni yule mzee aliyelala, asiyeweza kujigeuza wala kujipa maji. Hao wawili wote ni wadeni wake. Amri ya muuguzi si heshima aliyotunukiwa, bali ni njia ya deni lile kulipwa. Na utiifu wa msaidizi si unyonge mbele ya mtoto, bali ni kumfikishia mwenye haki haki yake.

Jambo hili si geni katika tarikh yetu. Mwaka wa 11 wa Hijria (632), Mtume (s.a.w.) alimweka Usama bin Zaid, kijana wa kiasi cha miaka ishirini, kuwa mkuu wa jeshi lililokuwa na watu wazima wa Muhajirina na Ansari, na baadhi ya watu wakanung'unika kwa udogo wake. Mtume alipofariki, Abu Bakr hakumwondoa. Alitoka kulisindikiza jeshi, Usama amepanda na Khalifa aenda kwa miguu. Kisha akamwomba Usama ruhusa ili Umar abaki Madina. Basi na azingatie mwenye akili: mtu mzima hakupungukiwa na kitu kwa kuheshimu kazi aliyopewa kijana, na mwenye uwezo wa kuamrisha hakuona haya kuomba.

Ama yule muuguzi mpya, kabla ya kughadhibika yampasa apambanue, kwani kukataa si kwa namna moja. Twaona ni kwa namna tatu, na kila moja ina hukumu yake.

Namna ya kwanza ni ya asiyeweza. Msaidizi mmoja huenda akawa na wagonjwa kumi au zaidi katika zamu, na wako wasioweza kuinuliwa na mtu mmoja. Akisema "siwezi" husema kweli, na kumkaripia ni dhulma. Huyo ashikwe mkono, na khabari ipelekwe kwa wenye nyumba, kwani wao ndio waliopunguza watu. Ni aibu kwa walio chini kugombana wao kwa wao kwa taabu iliyotoka juu.

Namna ya pili ni ya ajuaye zaidi. Msaidizi amwogesha mzee yule kila siku. Ajua ni upande gani unaomuuma, ajua chakula gani hukitema, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuona kuwa leo mtu huyu si kama alivyokuwa jana. Akisema, "Usimwinue sasa, mpe muda," hayo si maasi, ni nasaha. Nahodha kijana asiyemsikiliza sarahangi mzee aliyeujua mwamba kabla yeye hajazaliwa, chombo atakipandisha mwamba, na cheti chake hakitazuia maji kuingia.

Namna ya tatu ni ya asiyetaka. Kengele yalia naye ameshika simu yake. Mgonjwa hakugeuzwa, na katika daftari imeandikwa kuwa amegeuzwa. Hapa hapana udhuru. Lakini hata hapa iko taratibu. Muuguzi amwite kando, si mbele ya wenziwe, amwambie kwa jina la heshima na kwa neno lililo wazi: "Mamangu, mgonjwa huyu ageuzwe kabla ya saa nne, nami nitakuja kutazama." Kisha aende akatazame kweli. Isipofaa, aandike alichokiona bila ya kuzidisha, akipeleke kwa aliye juu yake. Huko si kusengenya. Mgonjwa hana ulimi wa kushtaki, na aliyeona akanyamaza ameshirikiana na aliyemdhulumu.

Imebakia hatari moja ambayo wengi huiona kuwa ni wema. Baadhi ya wauguzi wapya, kwa kuogopa kuchukiwa, huacha kuamrisha kabisa, wakaifanya kazi yote wenyewe. Huosha, hubadilisha, huinua, na huku dawa za saa tatu zatolewa saa tano. Watu husema, "Mnyenyekevu huyu." Sisi hatusemi hivyo. Kumsaidia msaidizi aliyezidiwa ni uungwana, na muuguzi asiyegusa nguo chafu hatasikizwa milele. Lakini kufanya kazi ya asiyetaka, ili wewe usichukiwe, ni kununua raha yako kwa mali ya mgonjwa. Yule aliyecheleweshewa dawa ya sukari au ya moyo hakuulizwa kama yu radhi kulipia mapenzi watu wanayokupenda.

Na wasaidizi nao wana haki ya kuambiwa neno. Mshahara wao ni mdogo, migongo yao yauma, na wengi wao ni wageni katika nchi ile kama walivyo vijana wetu. Wameona wauguzi wakija na kuondoka, kila mmoja na amri zake. Uchovu wao twaufahamu, na kinyongo chao kina sababu. Lakini kinyongo kilichokusudiwa muuguzi hakimfiki muuguzi. Humfikia mzee aliyelowa kitandani, ambaye hakumwajiri mtu wala hakupanga mshahara wa mtu.

Wazee wetu walisema kuwa ukubwa ni jaa, kila mwenye taka huja akazimwaga hapo. Muuguzi kijana ajue hayo kabla ya kuipokea zamu: atamwagiwa lawama za walio chini na za walio juu, na dharau za waliomtangulia. Na asiyeweza kuwa jaa asiutafute ukubwa, kwani taka asizozipokea yeye zitamwangukia aliyelala.

Haya ndiyo tuyaonayo, na mwenye ziada ya elimu na atuzidishie.