Wakufunzi wa Walimu, Ingieni Darasani Pamoja

Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kote nchini Kenya mwaka 2019 unataja umilisi saba ambao kila mtoto anapaswa kuukuza. Mmojawapo ni mawasiliano na ushirikiano. Mtoto wa gredi ya 4 pale Lindi, Kibera, anatakiwa ajue kufanya kazi na wenzake, na mwalimu wake amwongoze kufanya hivyo. Je, sisi tunaomwandaa mwalimu huyo katika vyuo vikuu? Wengi wetu kila mtu na ofisi yake, kozi yake na nakala zake. Tunakutana kwenye mkutano wa idara, tunagawana vipindi, basi.

Anayelipia utengano huu ni mwanafunzi wetu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha. Mtazame. Kuta za darasa ni mabati, sauti za darasa jirani zinapenya, kitabu kimoja kinachunguliwa na watoto watatu. Mhadhiri wa kwanza anafika, anakaa nyuma, anajaza fomu: "Vikundi ni vikubwa mno. Wapange wawili wawili." Baada ya siku kadhaa anafika wa pili: "Mbona wawili wawili, na vitabu ni vichache? Warudishe kwenye vikundi." Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila mhadhiri ana hoja yake nzuri, lakini hawakuketi pamoja kuijadili hata mara moja, na kijana wa watu amebaki na fomu mbili zinazopingana.

Hatuhitaji kusubiri wageni waje kutufundisha dawa ya utengano huu. Mwaka 1998 Kenya, kwa ushirikiano na Japani, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za upili. Ulianza na wilaya tisa, kisha ukaenea nchi nzima. Uti wake wa mgongo ulikuwa maneno manne: panga, tenda, tazama, boresha. Walimu wanaandaa somo pamoja, mmoja analifundisha, wenzake wanatazama, kisha wote wanarudi mezani kulirekebisha. Ikiwa mwalimu wa shule ya upili aliweza kufungua mlango wa darasa lake akatazamwa, mhadhiri mwenye shahada ya uzamifu anaogopa nini?

Basi tuanze. Chagueni somo moja tu. Mtaalamu wa mbinu za kufundisha, wa saikolojia ya elimu na wa lugha wakae meza moja waliandae. Mmoja wenu, si mwanafunzi, asimame mbele ya watoto alifundishe. Mwalimu wa darasa awe mwenzenu tangu siku ya kwanza ya kupanga: yeye ndiye anayejua ni mtoto gani amekuja bila kunywa chai, na yupi hunyamaza akiitwa ghafla. Msimgeuze mwenyeji wa kuwaonyesha njia tu.

Mkirudi mezani, lijadilini somo, msimjadili mtu. Ulizeni watoto walikwama wapi, na kwa nini. Mhadhiri msaidizi azungumze kwanza na profesa amalizie, maana mkubwa akishasema, wadogo humeza yao. Kisha andikeni mlichokubaliana, kila kazi na jina la mwenye kuifanya na tarehe ya kuikamilisha. Kazi ya "sisi sote" bila jina la mtu huishia kuwa kazi ya hakuna. Mwisho, tengenezeni fomu moja ya tathmini ambayo nyote mnaielewa vilevile, ili mwanafunzi asikie ushauri mmoja hata akitembelewa na watu watatu.

Umbali si kisingizio. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kiko Lang'ata, si mbali na Kibera. Bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, linalofundisha ualimu, haliko mbali na mtaa wa Kawangware. Muda nao si kisingizio: saa unazotumia peke yako kurekebisha makosa yaleyale kila muhula zingetosha kukaa na wenzako mkayazuia.

Usingoje waraka wa mkuu wa kitivo. Bisha mlango wa ofisi ya pili leo, mkubaliane shule, somo na siku. Watatu wakianza, wa nne atataka kujua mnafanya nini. Mkaribisheni, na mpeni kazi.