Fundi Akishaondoka, Dhamana Hubaki

Pikipiki za umeme zimeanza kuingia katika biashara ya bodaboda ukanda wa Migori na Homa Bay. Kandokando ya Ziwa Victoria, kampuni ya WeTu, iliyoanzishwa na Siemens Stiftung ya Ujerumani, imejenga vituo vya sola vinavyochaji taa za wavuvi wa omena na betri za vyombo vya usafiri. Pamoja na pikipiki hizo limekuja swali la kale kwa sura mpya: fundi aliyeunga waya za kontrola, akaiwekea namba za mipangilio na kwenda zake, anadaiwa nini na abiria asiyemjua? Jibu langu ni kwamba anadaiwa uhai wa abiria huyo, na deni hilo halimtoki hata akishapokea ujira wake.

Tazama kontrola inavyofanya kazi. Ndiyo inayochukua umeme wa betri na kuugawa kwenye waya tatu nene za mota, ikifuata ishara za kishikio cha mwendo na za sensa zilizomo ndani ya mota. Waya hasi ya kishikio ikikatika, kontrola isiyo na kinga ya kutambua hitilafu hiyo yaweza kudhani dereva ameomba mwendo wote. Kiwango cha ampea kikipandishwa kupita uwezo wa betri, saketi ya ulinzi hukata umeme ghafla, pengine dereva akiwa katikati ya kulipita lori kwenye barabara ya Isebania. Betri ya volti 72 iliyojaa hufika takriban volti 84, na nyaya zake zikigusana bila fyuzi hutoa cheche za kuunguza. Kwa hiyo kila namba anayoandika fundi ni uamuzi juu ya mwili wa mtu, nao hutekelezwa wakati yeye hayupo.

Wajibu wa namna hii ni wa kale. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, humwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta kuzunguka dari yake, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Amri hiyo hutangulia ajali, na haiulizi iwapo mjenzi alikuwa na nia mbaya. Waadventista, waliofungua misheni yao Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, huisoma sheria hiyo. Waislamu wa mji huohuo hufundishwa kwamba amana ni sehemu ya imani. Wote hawa wanakubaliana kwamba anayetengeneza kitu kitakachobeba watu huwajibika kwa hatari anayoweza kuiona mapema.

Mwenye pikipiki atasema chombo ni chake, na mwendo anautaka yeye. Mwili wake anaweza kuuhatarisha. Wa abiria na wa mtoto anayevuka barabara pale Rongo si wake kuutoa. Mwingine atasema ajali haina kinga. Methali hiyo hutufariji kwa yale yaliyobaki baada ya kinga kuwekwa. Kumsingizia Mungu fyuzi ambayo haikufungwa ni kumdhulumu. Pingamizi zito zaidi ni la fundi mwenyewe: hana mwongozo wa kiwanda, rangi za waya hutofautiana, na mteja anataka bei nafuu. Ugumu huo ni wa kweli, na ndio sababu kampuni zinazouza kontrola nazo zinadaiwa michoro inayosomeka. Lakini kutojua kunamlazimisha fundi apime kabla ya kuunga, atenganishe betri kabla ya kugusa waya, ainue gurudumu lisiguse ardhi, na aanze jaribio kwa ampea chache, huku akihakikisha kwamba breki inakata nguvu ya mota. Asichoweza kukijaribu asimkabidhi mtu, na mteja akimshinikiza, akatae kazi. Kukataa huko kutampunguzia chakula cha siku moja, na bado ni wajibu, kwa sababu abiria hakupewa nafasi ya kukubali wala kukataa.