Mdudu wa Unga na Mayai Yake



Mama zetu wanamjua yule mdudu mwekundu wa unga wa muhindi. Jike hutaga mamia ya mayai ndani ya unga ule ule anaokula. Lakini wakubwa, dume na jike, huyala mayai wanayoyakuta, hata ya jinsi yao wenyewe. Wakisongamana, huyala zaidi. Mdudu hana hukumu, hakupewa sheria.

Sisi tumepewa kumtambua aliye wa jinsi yetu. Basi njaa ikiingia nyumbani, mbona tunamnyoshea mtoto kidole, “Mchawi!”, na kumfukuza? Huko ni kula yai letu. Tusome Wagalatia 5:15, tutubu, tumrudishe mtoto mezani.

Amina.