Mwalimu wa Mpira na Watoto Aliokabidhiwa

Mwaka 1939 mapadri Wabenedikto wa Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, waliwaundia vijana wao timu ya mpira, wakaiita Saint-Georges. Timu hiyo ndiyo TP Mazembe, iliyopata ubingwa wa vilabu vya Afrika mara 5: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Lakini mapadri hawakuanza kwa kutafuta kombe. Walianza kwa kulea vijana.

Mwalimu wa mpira hupatwa na kishawishi kikubwa: kushinda kwa njia yoyote. Humtwaa kijana wa miaka 16, akaandika kwamba ana 12. Hapo amri ya nane imevunjwa kwa uongo, na ya saba kwa wizi. Maana mtoto mdogo aliyeibiwa nafasi yake huketi kando ya kiwanja akilia, na yule mkubwa hujifunza kwamba uongo una faida.

Mwalimu mwema huwachezesha wote, hata aliye mzito wa miguu. Mtoto akikosa bao, hamtukani mbele ya wenzake, bali humwita kando na kumwonyesha namna ya kuupiga mpira. Mwamuzi akikosea, hutuliza ulimi wake, kwani watoto wanamtazama.

Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto kwamba taji la mashindano huharibika. Kombe huota kutu. Roho ya mtoto haifi. Siku ya mwisho Mungu hatahesabu mabao. Atamwuliza mwalimu habari za kila mtoto.