Komeo la Mlango na Unga wa Sadaka

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Walawi 5:2-13, Kumbukumbu la Torati 22:8, Mathayo 23:25, 26.

Ijumaa, siku ya maandalio, nyumba nyingi za washiriki hapa Handeni hunukia sabuni. Sakafu imepigwa deki, vyombo vimesuguliwa, nguo za Sabato zimenyooshwa. Kwetu ilikuwa hivyo Ijumaa ile mtoto wa dada yangu alipoletwa akiharisha. Tulimpa maji ya chumvi na sukari, tukafua nguo zake, tukakesha naye. Siku ya tatu mjukuu wa jirani, ambaye alikuwa ameingia kuomba kiberiti na kunywa maji mtungini, naye akaanza kuharisha.

Wote wawili walipona, Mungu asifiwe. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba mtoto yule aliupata ugonjwa kwetu. Lakini nilijua jambo moja. Tulikuwa tumedeki sakafu, ambayo hakuna aishikaye kwa mkono, na kata ya mtungini hatukuitia sabuni, wala komeo la mlango wa choo. Nilipomweleza mzee wa kanisa, aliniambia kwa upole, “Dada, hukujua.” Nilimshukuru, ila neno lile halikunituliza. Je, kutojua kunamwondolea mtu hatia?

Soma Walawi 5:2-5. Torati inamtaja mtu aliyegusa kitu kilicho najisi bila kufahamu. Haimwambii kwamba kwa kuwa hakujua, basi yamekwisha. Inasema kwamba akishajua, ana jambo la kuungama na la kutenda. Unajisi wa ibada si kitu kimoja na vijidudu, na tusilazimishe maandiko kusema yasiyosema. Hata hivyo fungu hili linagusa swali letu hasa: ujuzi ukishafika, hauruhusu mtu abaki alipokuwa.

Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alitambua kwamba madaktari waliotoka kupasua maiti walikuwa wakibeba mauti mikononi hadi kwa akina mama wanaojifungua. Akawaagiza wanawe kwa maji yenye klorini, na vifo vikapungua sana. Madaktari wengi waliudhika, kwa maana ni vigumu kwa mtu mwenye heshima kuambiwa kwamba mkono wake umeua. Semmelweis hakujitoa katika lawama hiyo. Aliandika kwamba yeye mwenyewe hakujua idadi ya waliokufa kwa ajili yake.

Soma pia Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye nyumba aliagizwa kujenga ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Angalia kwamba anayeweza kuanguka hatajwi. Huenda ni mgeni, huenda ni mtoto wa jirani. Deni lipo kabla mtu hajaanguka, na kabla hatujajua jina lake. Naona komeo la choo, kifuniko cha dumu, swichi ya taa, simu inayopita mikono ya nyumba nzima, na kata ya mtungini kuwa ndiyo dari zetu. Virusi vya rota, ambavyo Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi yake mwaka 2013, huweza kuishi siku kadhaa juu ya vitu vya namna hiyo. (Mwaka 2020 tulifuta kila kitu kwa hofu ya korona, kisha tukasikia kwamba ugonjwa ule huenea zaidi kwa hewa, tukaacha kufuta vyote. Lakini magonjwa ya kuhara hayakubadilika.)

Hapa ndugu wa Handeni ana haki ya kuinua mkono. Maji yako wapi? Kwa miaka mingi bomba linalojulikana kama HTM limeyavuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi kwetu, na kila mkaaji wa Handeni anajua maana ya bomba kukauka. Hapo maji hununuliwa kwa dumu, au binti hutumwa mbali kuyatafuta. Ikiwa usafi wa komeo langu umebebwa juu ya kichwa cha mtoto aliyekosa kipindi cha kwanza shuleni, je, nimempenda jirani, au nimeuhamisha mzigo tu kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine?

Rudi katika Walawi 5, fungu la 7 na la 11. Mwenye uwezo alileta mwana-kondoo au mbuzi. Asiyeweza alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asiyeweza hata hayo alileta sehemu ya kumi ya efa ya unga. Mungu hakumdai maskini mwana-kondoo. Wala hakumwambia aende zake mikono mitupu. Na aliye Korogwe, mwenye mto karibu, asilete unga kama ana mwana-kondoo zizini.

Unga wetu ni kikombe cha maji. Kitambaa kilicholowa maji ya sabuni hufuta makomeo yote ya nyumba, ndoo nzima ya deki haihitajiki. Sabuni itangulie, maana uchafu humeza nguvu ya dawa. Kukiwa na mgonjwa wa kuhara, fuata kwa dawa ya klorini: ile yenye asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji, uiache dakika kumi. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Kata ioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji safi, au mtungi uachwe na itumike ndoo yenye koki, mikono isiingie majini kabisa. Kibuyu chirizi karibu na choo hutumia maji machache, na hufunguliwa kwa mguu. Maji yakiwa haba, afadhali sakafu ingoje. Wageni wa Sabato wataiona vumbi, lakini Mathayo 23:25, 26 inatuonya juu ya kusafisha upande unaoonekana.

Wala kitambaa kisiwe silaha. Kufuta kiti mara mgeni anapoinuka, naye bado yupo mlangoni, ni tusi hata kama hakuna neno lililosemwa. Ngoja afike barabarani.

Jadilini darasani: Katika kanisa lenu ni vitu gani hushikwa na wengi kila Sabato, na kwenye huduma ya unyenyekevu mabeseni huoshwa na nani? Maji anayotumia yalitoka wapi, na nani aliyabeba?