Nafasi ya 38
Andiko: Marko 12:41-44



Asubuhi mbingu ikiwa safi, sisi wa Theta tunauona Mlima Kenya na theluji yake kwa mbali. Tunaiangalia kidogo, kisha kila mtu anashika njia ya kazi. Lakini kuna Wanjiku mmoja ambaye theluji ndiyo iligeuka kuwa kazi yake.

Sabrina Wanjiku Simader alizaliwa Kilifi, Aprili 1998, kwenye joto na minazi. Akiwa na miaka 3 akaenda kuishi Austria, na huko baba yake wa kambo akamwingiza katika mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Mwaka wa 2018, kule PyeongChang, Korea Kusini, akawa Mkenya wa kwanza kushindana katika mbio za kuteremka mlima kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Kabla yake tulikuwa na Philip Boit, lakini yeye alishindana mbio za masafa. Mwaka huo Kenya nzima ilikuwa na mwanamichezo mmoja tu pale: Sabrina. Ndiye alibeba bendera. Katika mbio za super-G, ambapo unashuka kwa kasi ukipinda kati ya milingoti, alimaliza nafasi ya 38.

Mimi nilisomea biashara. Mtu wa biashara akisikia 38 anauliza, "Sasa faida iko wapi?"

Swali hilo limeniponza. Mwaka jana msichana mmoja wa kanisa hili alinijia na wazazi wake. Alitaka kusomea kuchomelea vyuma. Karo ilikuwa tayari. Walitaka tu neno la mchungaji. Nikawapigia hesabu: mafundi wanaume wamejaa barabarani, nani atampa msichana kazi ya geti? Nikamwambia afikirie tena. Alifikiria, akaacha, na ile karo ikaenda kwa mambo mengine. Nilidhani nimempa hekima. Kumbe nilimpa woga wangu.

Hebu mwangalie Yesu ameketi mbele ya sanduku la sadaka. Matajiri wanatia nyingi. Mjane anatia sarafu mbili. Mhasibu kama mimi angemwandika wa mwisho kwenye daftari. Yesu akamwandika wa kwanza, kwa sababu hakuhesabu kilichoingia sandukuni, alihesabu kilichobaki mkononi. Na hakikubaki kitu.

Wapendwa, Sabrina hakurudi na medali. Lakini leo mtoto wa Kenya akisema anataka kushuka mlima wa theluji, hakuna mtu anaweza kumwambia haijawahi kutokea. Hiyo faida utaiandika kwa safu gani ya daftari?

Wiki hii nilienda nyumbani kwa yule msichana nikaomba msamaha. Alinisikiliza, akasema sawa. Kama atalirudia lile wazo, hajaniambia, na sikumsukuma.

Wewe mzazi, wewe kiongozi wa vijana: kabla hujamwambia mtoto hapana, uliza kama ni Mungu amekataa ama ni hesabu zako.

Tuombe. Bwana, tusamehe pale tulipofunga njia uliyokuwa umeifungua. Wape watoto wetu ujasiri wa kuanza, na sisi utupe moyo wa kuwashika mkono. Katika jina la Yesu, amina.