Kumlipa mwongozaji wa nyikani: Ni israfu?

NDUGU yetu mmoja aishiye Perth, Australia, alinipigia simu na swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Kwa miaka mitatu amejibana, akakusanya fedha ili ampeleke mkewe na watoto Uluru, lile jabali jekundu lililoko katikati ya nyika ya nchi ile. Zaka ametoa, na mama yake aliyeko Tanga humtumia fedha kila mwezi. Lakini alipoiona bei ya safari ya siku nne yenye mwongozaji, gari na mahema, nafsi ilimsuta. "Kaka, hii si israfu?"

Wengi wangemjibu haraka kwamba ni israfu, maana fedha ile ingeezeka madrasa. Hoja hiyo ina uzito. Tatizo ni kwamba wanaoitoa huwa hawaikumbuki siku ya kukodi ukumbi wa harusi.

Uislamu umekataza israfu, lakini haukutuwekea kiwango cha shilingi ambacho ukikivuka tu umeshaingia humo. La kuangalia ni fedha imenunua nini, na imepita juu ya haki ya nani. Lau haki ya mama ingeguswa, mjadala ungeishia hapo. Haikuguswa.

Sasa inanunua nini? Kutoka mji wa Alice Springs hadi Uluru ni karibu kilomita 450 za barabara. Katika miezi ya Desemba na Januari joto huweza kupita nyuzi 40, na wapo waliokufa kwa kiu katika nyika zile baada ya magari yao kuharibika kwenye njia za pembeni. Mgeni anayemlipa ajuaye njia hanunui anasa.

Ndugu msomaji, hili Waislamu tunatakiwa kulijua kuliko wengine. Kuanzia mwaka 1860 ngamia waliletwa Australia kutoka Karachi pamoja na waongozaji wao, wengi wao Waislamu wa Afghanistan, Baluchistan, Sindh na Punjab. Wote wakaitwa Waafghani, na treni inayovuka bara lile kutoka Adelaide hadi Darwin inaitwa The Ghan mpaka leo. Huko Marree walijenga msikiti wa udongo. Mwaka 1873 William Gosse, Mzungu wa kwanza kulifikia jabali lile, alilipanda akiwa na mmoja wa watu hao, Kamran. Gosse akaliita Ayers Rock kwa heshima ya mwanasiasa wa Adelaide, ilhali wenyeji wake, Waanangu, walikuwa na jina lao tangu zamani.

Kwa Waanangu jabali lile ni mahali patakatifu. Tarehe 26 Oktoba 1985 walirudishiwa hati ya ardhi yao, nao wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99 iendelee kuwa hifadhi. Kwa miaka mingi waliwasihi wageni wasipande. Wageni wakaendelea kupanda, na zaidi ya 30 wakafia hapo. Mwaka 2017 bodi ya hifadhi, ambayo wengi wake ni Waanangu, iliamua kuifunga njia ile kuanzia 26 Oktoba 2019. Unadhani watu walifanyaje? Siku za mwisho walipanga foleni ndefu ili wapande kabla ya kufungwa!

Hapo ndipo mimi ninapoiona israfu, kwa mtu anayeamini kwamba akishalipa nauli na kiingilio amenunua kila kitu kilichoko mbele yake. Mwongozaji anayestahili fedha nyingi ni yule atakayemwambia kwamba hapa hatupigi picha, na kwamba hadithi ya pango lile siwezi kukusimulia. Kwa Waanangu kuna habari za wanaume peke yao na za wanawake peke yao, na kuna zisizotolewa kwa mgeni kabisa. Watalii wengine hukasirika. Lakini sisi tunaochukia kuona watu wakiingia na kaptula misikitini Zanzibar, hili si tungelielewa mara moja?

Atasema mtu kwamba hayo ni masimulizi ya shirki, Muislamu anayalipia ya nini? Kumsikiliza mtu akieleza ardhi yake, wapi maji hupatikana na mti upi huliwa, si kuamini anachokiamini. Na Qur'an imetuamrisha kutembea ardhini tukizingatia, haikusema tuishie kwenye ardhi ya Waislamu.

Hata hivyo si kila kilichomo katika ile bei ni elimu. Kuna chakula cha jioni chini ya nyota na mvinyo mezani, kuna helikopta, kuna vyumba vya bei ya kutisha. Nilimshauri hayo ayaondoe, abakize mwongozaji, tena awe Muanangu akipatikana. Aulize pia kuhusu matembezi ya Mala, ambayo askari wa hifadhi huwaongoza wageni bila malipo ya ziada ukishalipa kiingilio.

Akacheka, akasema kinachomvutia mkewe ni vile vyumba. Nikamwambia hilo wakalizungumze wenyewe nyumbani, nami nikaaga.